Kiazi Ndani ya Dramu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi, rula ya mbao, ubao wa kuandikia wenye kibanio, na kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa cha kupitisha juu ya makabati ili kuona vumbi. Rula ilikuwa ya kupima nafasi kati ya kitanda na kitanda. Tochi ilikuwa ya kumulika chini ya masinki. Nikauliza kalamu iko wapi. Karani akaniambia kalamu kila mtu huja na yake, na kwamba mtu aliyetoka chuo kikuu hapaswi kukosa kalamu.

Hiyo ilikuwa Kisumu, mwishoni mwa miaka ya themanini, katika ofisi iliyokagua hospitali za mkoa mzima. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya stoo ya dawa. Ninyi mlionifuata kazini mmeajiriwa mkakuta neno "ubora" limeandikwa kwenye mlango, kwenye fulana na kwenye vikombe vya chai. Mlango wetu ulikuwa umeandikwa "Gonga Kwanza", basi.

Habari ya kiazi mmeisikia kwangu vipande vipande, na kila mmoja ana kipande chake, na vingine naona mmevitia chumvi. Sasa nimestaafu, nina muda, nitaiandika yote. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa vimo kwenye faili langu. Mwenye hamu navyo akavisome huko.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kwa nini futi tatu kati ya vitanda, si nne? Nani alipima, na alikuwa amelala kitanda kipi? Kwa nini tunaipigia hospitali simu siku tatu kabla ya kwenda kuikagua? Mkuu wetu wa ofisi, ambaye nitamwita Mkuu tu, alinijibu hilo la simu kwa upole. Alisema ni heshima. Mgeni hamfumanii mwenyeji akiwa amevaa nguo za shamba.

Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni mkaguzi.

"Utakuwa mkaguzi ukishajifunza kuwa mgeni," alisema.

Kwa hiyo tuliendelea kupiga simu, na kila tulipokwenda tulikuta kuta zinang'aa. Ukitaka kujua kama hospitali imepigiwa simu, gusa ukuta. Nilirudi nyumbani na chokaa viganjani wiki baada ya wiki.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Mkuu. Alikuwa Sista Dorina, muuguzi wa miaka mingi aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwenye mkoba mkubwa ambao ndani yake kulikuwa na ndala. Akifika hospitali anavua viatu vya ofisi, anavaa ndala, anazunguka nyuma. Aliniita nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu kwa baba yangu ni Seme, mbele kidogo ya Kombewa. Mpaka leo wapo wanaonijua kwa jina hilo tu.

"Nyar Seme, usianze kwa daktari," aliniambia kwenye safari yetu ya kwanza. "Daktari atakupa chai. Ukishakunywa chai ya mtu, utaandika nini?"

"Nitaandika nilichokiona."

"Utaandika chai ilikuwa na maziwa."

Alianzia mahali pa kufulia, kisha shimo la taka, kisha jikoni, halafu ndipo anaingia wadini, na daktari anamkuta mwisho, akiwa tayari anajua kila kitu. Hospitali moja tulikuta friji ya chanjo ina karatasi ya kuandikia joto, imejazwa asubuhi na jioni mwezi mzima bila kuruka hata siku. Nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne. Mimi nilishaanza kuweka alama ya kusifu. Sista Dorina akafungua friji, akatoa chupa ya soda ambayo muuguzi fulani alikuwa ameihifadhi nyuma ya chanjo, akaifungua kwa meno, akanywa funda moja.

"Soda hii ina homa," alisema.

Mafuta ya taa ya friji yalikuwa yamekwisha, hakuna aliyejua tangu lini. Muuguzi alilalamika kwamba soda yake imenywewa. Kuhusu chanjo hakulalamika.

Zamani hizo ripoti ilikuwa barua. Sista Dorina aliandika kwa mkono: choo kinanuka, metroni ni mkali lakini wadi yake ni safi, wagonjwa wamekula. Halafu ikaja amri kutoka juu kwamba kila mkoa utumie fomu, yenye maswali na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na alama mwishoni. Hospitali ikipita, inapewa cheti na inaruhusiwa kuendelea na upasuaji. Ikianguka, thieta, yaani chumba cha upasuaji, inafungwa mpaka ijirekebishe. Kila mkoa uliachiwa nafasi ya kuongeza maswali yake, na Mkuu akanipa mimi kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na digrii.

Niliifurahia kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Niliona mwisho wa chai na heshima umefika. Swali ni swali. Sista Dorina alisoma rasimu yangu usiku mmoja, asubuhi akairudisha na mstari mmoja wa penseli pembeni: "Na kama jibu ni kidogo?" Nilicheka. Nilidhani ni uzee.

Kati ya maswali niliyoongeza kulikuwa na moja nililolipenda zaidi. Kwenye thieta moja nilikuwa nimeona daktari akiishiwa shashi za kuzuia damu katikati ya upasuaji, kwa sababu dramu ilikuwa nusu tupu. Dramu, kwa ambaye hajawahi kuingia huko, ni kopo kubwa la bati lenye matundu ubavuni. Nguo, shashi na vitambaa vya upasuaji hupangwa ndani, dramu huingizwa kwenye mashine ya mvuke, mvuke hupenya kwenye matundu na kuua vijidudu, kisha matundu hufungwa. Kwa hiyo niliandika: "Je, dramu zote zimejaa?" Alama tano. Nililipigania swali hilo kikaoni mpaka likapita.

Sista Dorina akastaafu mwezi huohuo. Aliniachia ndala zake, ingawa zilikuwa kubwa kwangu.

Mwaka mmoja baadaye, miaka ya tisini ikiwa imeanza, nilikwenda na fomu yangu kwenye hospitali moja ya ufukweni. Jina lake naliacha. Walionifahamu wakati huo wanaijua, na wengine haiwasaidii. Ilikuwa ndogo, safi, ina thieta mpya iliyojengwa kwa msaada, na wageni wa heshima walikuwa waje kuizindua rasmi baada ya wiki tatu. Wangekuta cheti ukutani. Hilo lilikuwa limeshapangwa, ila cheti chenyewe kilikuwa hakijatoka.

Kila swali lilijibiwa Ndiyo. Rejista ya mashine ya mvuke imejazwa? Ndiyo, na nilithibitisha. Geji ya kupimia mvuke inafanya kazi? Ndiyo. Dramu zina utepe wa kuthibitisha? Huu ni utepe wenye mistari inayogeuka myeusi ikipata joto. Ndiyo, na mistari yote ilikuwa myeusi tititi. Dramu zote zimejaa? Zilikuwa zimejaa mpaka kifuniko kilifungwa kwa goti. Metroni, mama mrefu aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikono ikasimama, alinitazama kama mwanafunzi anayejua kwamba amefaulu.

Kwa mazoea ya Sista Dorina nikaomba dramu moja ifunguliwe. Nikapenyeza mkono uliovaa glavu katikati ya magauni yaliyoshindiliwa, na vidole vikagusa kitu kigumu. Nikakivuta. Kilikuwa kimefungwa kwa shashi. Nikafungua shashi. Kilikuwa kiazi kitamu, chembamba, kama kidole gumba cha mtu mzima, kimemenywa.

Metroni alifumba macho. "Mzee Okelo," alisema bila kugeuka. "Umeanza tena?"

Pale mlangoni alikuwa amesimama mhudumu wa chumba cha mashine ya mvuke, mzee mfupi mwenye aproni ya turubai.

"Huyu alitoka jikoni," Metroni akanieleza. "Aliletwa hapa kwa sababu mgongo wake haukuweza tena masufuria. Lakini jiko halijamtoka. Nimemwonya mara mbili."

Nikachukua fomu. Kulikuwa na swali kuhusu usafi wa chumba. Nikaweka alama kwenye Hapana, ndiyo Hapana pekee katika kurasa sita, na pembeni nikaandika: "Chakula kimekutwa ndani ya dramu." Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilijiona nimefichua jambo.

Nilikuwa nimeshaingia kwenye gari nilipomwona Mzee Okelo anavuka uwanja, polepole kwa sababu ya mgongo, ameshika kile kiazi kwenye kiganja. Dereva alitaka kuondoka. Nikamwambia asubiri.

"Madam," mzee alisema dirishani, "umeandika kiazi?"

"Nimeandika, Mzee. Ni lazima."

"Ni sawa. Umeandika ni kibichi ama kimeiva?"

Sikuwa nimeandika. Sikuwa hata nimeangalia. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakikata kiazi katikati, akaninyooshea nusu. Nikabonyeza kwa kucha. Kilikuwa kibichi, kinatoa utomvu mweupe, kama kimetoka shambani asubuhi ile.

"Hii imekaa ndani ya moto nusu saa," alisema. "Utepe ni mweusi. Geji ilipanda, niliiona mimi mwenyewe. Lakini katikati hakuna moto. Moto imebaki nje inazunguka tu."

"Umejuaje?"

"Nimepika miaka kumi na tisa, nyathina, mwanangu. Sufuria ukiishindilia viazi, ya pembeni inaiva, ya katikati inakataa. Hizi dramu zamani hatukuwa tunajaza hivi. Tulikuwa tunaacha pumzi. Halafu mwaka jana tukaambiwa kuna karatasi mpya inataka dramu ijae."

Aliisema bila lawama. Hakujua karatasi ile aliiandika nani.

Nikashuka kwenye gari. Nikavaa ndala za Sista Dorina, nikazunguka nyuma, nikaingia wadi ya akina mama kwa mlango wa jikoni, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kulikuwa na wanawake watatu waliojifungua kwa upasuaji, na wote watatu vidonda vyao vilikuwa vimefumuka. Mmoja, mama wa Akinyi, alikuwa amejifunika leso mpaka kidevuni na amegeuzia uso ukutani, kwa sababu ya harufu. Mtoto alikuwa ananyonyeshwa na shemeji yake. Muuguzi wa wadi alinieleza kwamba akina mama hawa ni wagumu kufundishwa, wanaoga maji ya ziwa.

"Sista," mama wa Akinyi akasema akiwa bado ametazama ukuta, "tangu nilale hapa ziwa nalionea dirishani."

Mnajua mimi si mtu wa kulia. Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikafanya hesabu ya swali langu la alama tano.

Niliporudi Kisumu niliandika ripoti upya. Niliandika kwamba dramu zimeshindiliwa kupita kiasi, kwamba utepe wa nje hauonyeshi joto la ndani, kwamba kiazi kilichowekwa katikati kilitoka kibichi, na kwamba thieta isifanye upasuaji mpaka hilo lirekebishwe. Nikampelekea Mkuu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Umeandika neno kiazi mara saba," alisema.

"Kilikuwepo, Bwana."

"Nimezungumza na hospitali kwa simu. Metroni anaeleza kwamba mhudumu mmoja huweka chakula chake kwenye vifaa vya thieta. Anafukuzwa mwisho wa mwezi. Tatizo limekwisha. Wewe futa mambo ya kibichi na kuiva, bakiza chakula, hospitali ipewe cheti na sharti dogo."

"Akifukuzwa yeye, nani atajua dramu ni mbichi?"

"Dramu haiwi mbichi. Utepe ni mweusi. Kila mahali duniani utepe ukiwa mweusi, kazi imefanyika. Wewe unataka niende kwa wakubwa nikaseme sisi mkoa huu tunapima kwa mboga?"

"Kiazi si mboga, Bwana."

Ilikuwa jibu la kipumbavu, na nililijutia kabla halijaisha kutoka mdomoni. Lakini lililofuata sijalijutia hata siku moja. Ripoti ilihitaji sahihi mbili, yake na yangu. Nilifunga kalamu, ile niliyokuja nayo mwenyewe, nikaiweka mfukoni. Nikamwambia sitasaini. Nikamwambia kama ana hakika na utepe, twende wote, tujaze dramu mbili mbele yake, naye akate viazi kwa mkono wake. Vikiwa vimeiva vyote, nitaandika barua ya kuacha kazi, na Mzee Okelo afukuzwe.

Hapo nilimchezea mtu mwingine riziki yake bila kumwuliza. Nililifikiria hilo njia nzima tulipokwenda.

Mkuu alikubali, nadhani kwa sababu alichoka nami na aliona njia fupi ya kuniondoa. Tuliondoka siku ya Jumatatu asubuhi. Sokoni Otonglo, njiani, niliomba dereva asimame. Nikachagua viazi viwili, nikavipima kwa rula yangu ya mbao mpaka nikapata vinavyolingana. Mama muuzaji alinitazama.

"Unanunua ama unashona?"

"Nataka vilingane, Mama."

"Viazi hailingani. Hata watoto wa tumbo moja hawalingani," alisema, akanichagulia viwili kutoka chini ya gunia ambavyo vililingana kabisa. Mkuu aliyaona yote haya kutoka garini.

Kwenye chumba cha mashine tulikuwa watano: Mkuu, Metroni, daktari msimamizi wa hospitali ambaye ndiye aliyefanya upasuaji wote, mimi, na Mzee Okelo. Kabla hatujaanza nilimvuta Mzee kando. Nikamwambia nilichoahidi ofisini, kwamba kazi yake imo ndani ya dramu hizi, na kwamba nilipaswa kumwuliza kwanza. Alifikiri kidogo.

"Na yako?"

"Na yangu."

"Basi tuko wawili," alisema, akafunga aproni.

Dramu ya kwanza ilijazwa na Metroni mwenyewe, kama fomu inavyotaka, mpaka goti. Ya pili aliijaza Mzee Okelo. Alipanga magauni kwa wima, kama vitabu, na kila baada ya magauni mawili alipitisha kiganja katikati. Kisipopita hadi kifundo cha mkono, alitoa moja. Katikati ya kila dramu kikaingia kiazi kimoja kwenye shashi. Utepe mpya ukabandikwa juu ya zote mbili, Mkuu akautia sahihi yake kwa wino ili usibadilishwe. Mashine ikawashwa. Geji ikapanda. Tukasubiri.

Nusu saa ya mvuke ni ndefu watu wasipopatana. Daktari alitoka akarudi. Mkuu alisoma rejista ukurasa baada ya ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Okelo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa kuvunja ukimya nilimwuliza viazi vinavyoiva huwa anavifanyia nini.

"Nakunywa nayo chai," alisema. "Ile utepe yenu ikishapima munatupa. Yangu naipima, halafu naikula. Hakuna kiazi, rabuon, safi kama hii kutoka hapa mpaka Kondele."

Daktari alicheka. Metroni alitazama dari.

Dramu zilipotoka, tepe zote mbili zilikuwa nyeusi, sawasawa, mstari kwa mstari. Mkuu alizitazama, akanitazama mimi. Mzee Okelo akampa kisu, mpini mbele.

Mkuu alianza na dramu ya Mzee. Kiazi kilitoka kinafuka moshi, na kisu kilipita kama kwenye siagi. Kisha akafungua ya Metroni. Ilibidi avute magauni mawili kwa nguvu ili mkono wake ufike katikati. Akatoa shashi, akaifungua, akaweka kiazi mezani, akakata. Kisu kiligonga meza kwa kishindo. Tulisikia wote ule mlio wa kiazi kibichi kikipasuka.

Daktari alichukua kipande kimoja, akakibonyeza, akakinusa. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitatu, na nilikuwa nimemwona akipita wadini bila kusimama kwenye vile vitanda vitatu. Alikirudisha kipande mezani taratibu, akatoka. Kupitia mlango uliobaki wazi tulimwona akienda hadi kwenye ubao mweusi wa thieta, ambako majina ya wanawake wawili wa siku ile yalikuwa yameandikwa kwa chaki. Akayafuta kwa mkono wa koti lake jeupe. Kisha akaagiza gari la wagonjwa liwapeleke Kisumu.

"Fomu haina mahali pa kiazi," Mkuu alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na nguvu ya ofisini.

"Fomu ndiyo imefanya hivi, Bwana. Lile swali la dramu kujaa ni langu. Wamejaza kwa sababu niliwaambia wajaze."

Metroni aligeuka akanitazama, na nikaona kwamba katika chumba kile yeye pekee alikuwa amefuata agizo langu kikamilifu.

"Usiandike hilo," Mkuu alisema.

Niliandika. Niliandika pale pale, juu ya mashine iliyokuwa bado ya moto, kwamba swali la dramu liliongezwa na mimi, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba lifutwe katika mkoa mzima. Kwenye swali la usafi nilikata Hapana yangu ya kwanza. Kati ya visanduku viwili niliandika: "Kiazi kibichi." Mkuu alisaini mwisho, baada yangu. Sijui kilichomfanya asaini. Huenda ni kwa sababu alikikata yeye.

Thieta ilifungwa siku tisa. Wageni wa heshima walizindua jengo lililofungwa, wakapiga picha nje. Dramu zikaanza kupangwa kwa wima, kiganja kikipita. Wale wanawake watatu walisafishwa vidonda upya, na mama wa Akinyi alikaa wadini muda mrefu kuliko wenzake. Siku aliyotoka sikuwepo. Aliniachia ujumbe kwa muuguzi mwingine: nimwambie yule aliyesema maji ya ziwa kwamba yeye, mama wa Akinyi, sasa anakwenda kuoga.

Mimi nilihamishiwa stoo ya vifaa kwa muda, na hilo nalo limo kwenye faili.

Mzee Okelo hakufukuzwa. Lakini ofisi haiwezi kukubali kwamba mtu alikuwa sahihi bila kumwadhibu kidogo, kwa hiyo aliandikiwa barua ya onyo. Niliisoma aliponionyesha. Ilikuwa barua nzuri, ya kurasa mbili, imepigwa taipu bila kosa. Aliyeiandika alitaka uovu ueleweke vizuri, basi akaeleza kila kitu: kwamba mhudumu aliyetajwa amekuwa na tabia ya kumenya kiazi kitamu chembamba, kukifunga kwa shashi, kukiweka katikati kabisa ya dramu, kuacha nafasi ya kiganja kati ya magauni, na baada ya nusu saa ya mvuke kukikata ili kuona kama kimeiva, na kwamba kikiwa kibichi, katika zamu zake, amekuwa akikataa kutoa dramu hiyo kwa thieta na kuirudisha kwenye mashine. Chini kulikuwa na muhuri.

"Madam," aliniuliza, "barua ya onyo inakatazwa kubandika?"

Nikamwambia sijaona sheria hiyo.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimerudishwa kwenye ukaguzi, walikuja wataalamu na fomu nyingine, nene, ya kisasa, na ndani yake kulikuwa na swali: je, maelekezo ya kazi yamebandikwa ukutani kwenye chumba cha mashine ya mvuke? Hospitali nyingi zilianguka hapo. Kwenye ile ya ufukweni, mtaalamu alinyanyua uso akaona karatasi mbili juu ya mashine, zenye muhuri wa serikali, zimefunikwa nailoni, zimegeuka rangi ya chai kwa mvuke. Hakuwa na muda wa kusoma. Akaweka tiki kwenye Ndiyo.

Mzee Okelo alikuwa ameshastaafu wakati huo. Kijana aliyechukua nafasi yake alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Nilipobaki naye peke yangu nilimwuliza kama anazielewa zile karatasi.

"Nimezisoma zote, Madam," alisema. "Ila sijaelewa kwa nini wameandika onyo juu. Ya leo imeiva. Nikuletee na chai?"

Nilikunywa. Sista Dorina anisamehe, ilikuwa na maziwa.